Wape Heshima Wakiwa Hai

Soma kwanza: Warumi 16:1-16 na 1 Wakorintho 16:15-18. Ukiwa na nafasi, ongeza Nehemia 3 na Matendo 9:36-42.



Hapa kwetu, ukitaka kujua ni nani alikuwa akiushikilia mtaa, mara nyingi itabidi usubiri afe. Siku ya mazishi ndipo tawasifu inasomwa na watu wanapanga foleni kushika maikrofoni. Mmoja anasema marehemu alimlipia karo ya muhula wa mwisho wa kidato cha nne. Mwingine anasema marehemu alimpeleka hospitalini saa nane usiku kwa mkokoteni, mvua ikinyesha. Hata watoto wake wanaangaliana: kumbe mama alikuwa akifanya haya yote? Na mama mwenyewe yuko pale ndani ya sanduku, hasikii hata neno moja.

Wiki hii tunajifunza kuyasema maneno hayo mapema. Tumefundisha juu ya kutoa mara nyingi, na sitarudia. Hili ni somo la kuwatambua wanaotoa, hasa wale ambao kutoa kwao hakuingii kwenye bahasha.

Ni agizo

Wengi wetu huchukulia shukrani kama adabu. Ukikumbuka ni vizuri, ukisahau hakuna dhambi. Sasa fungua 1 Wakorintho 16. Paulo yuko Efeso, na watu watatu wamesafiri kutoka Korintho kumwona: Stefana, Fortunato na Akaiko. Anasema walimburudisha roho. Pia anaeleza kwamba jamaa ya Stefana walijitia wenyewe katika kazi ya kuwahudumia watakatifu. Ona hilo, walijitia wenyewe. Hakuna mahali tunaambiwa waliitwa na kamati, au walipewa cheo, au waliwekewa mikono mbele ya watu. Waliona kazi, wakaanza. Halafu Paulo analiambia kanisa lote liwatambue watu wa namna hiyo. Hilo ni agizo la mtume, limekaa katika sura ileile ambayo anaagiza changizo. Ajabu ni kwamba agizo la changizo tunalikumbuka vizuri sana.

Linakuja tena katika Wafilipi 2. Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo msaada kifungoni, akaugua huko karibu kufa. Anaporudishwa nyumbani, Paulo anawaandikia wampokee kwa furaha na wawaheshimu watu kama yeye. Epafrodito angali hai. Atasimama mlangoni na kusikia barua ikisomwa. Paulo hakumwekea sifa zake akiba mpaka siku ya mazishi.

Tena mwangalie Dorkasi wa Yafa katika Matendo 9. Mama huyu alikuwa akishona. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Ni picha nzuri, na tunaihubiri sana kwa sababu Mungu alimfufua. Lakini angalia jambo moja: wale wajane walikuwa wamevaa ushahidi siku zote. Kila walipopita barabarani, kazi ya Dorkasi ilikuwa mabegani mwao. Dorkasi alifufuliwa, kwa hiyo waliweza kumwambia asante baadaye. Wako, uliyemwahirishia, huna hakika kwamba utapewa nafasi hiyo.

Orodha ambayo tunairuka

Warumi 16 ni sura ambayo wengi tunapita haraka kwa sababu ni majina tu, tena magumu kutamka. Paulo anataja zaidi ya watu ishirini kwa majina yao. Nakuomba wiki hii uisome polepole ukiwa na kalamu, na kando ya kila jina uandike Paulo amesema nini kumhusu.

Utaona kwamba hawasalimu kwa jumla. Hasemi "asanteni nyote kwa kazi nzuri, Mungu awabariki." Priska na Akila, anasema walihatarisha shingo zao kwa ajili ya maisha yake. Mariamu, alifanya bidii kwa ajili ya Warumi. Trifaina na Trifosa, wana bidii katika Bwana. Persisi, bidii nyingi. Mama yake Rufo hatajwi jina, lakini Paulo anasema mama huyo amekuwa kama mama yake pia. Jaribu kufikiria mama huyo ameketi nyuma siku barua hiyo inasomwa Roma. Pengine alichofanya ni kumpikia mtu, kumfulia, kumpa mahali pa kulala. Na leo, karibu miaka 2,000 baadaye, bado tunasoma habari zake.

Zaidi kidogo chini, mstari wa 22, Tertio anasalimia. Huyu ndiye aliyekuwa akiiandika barua kwa mkono wake, Paulo akisema. Paulo angeweza kumwacha tu kama mashine. Badala yake, mwandishi alipewa mstari wake mwenyewe.

Nehemia 3 ina tabia hiyohiyo. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, na Nehemia anaandika nani alijenga wapi. Wamo mafundi wa dhahabu na watengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Watekoa walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua sehemu ya pili. Lakini wakuu wao, anaandika Nehemia bila kuficha, hawakukubali kuweka shingo zao katika kazi. Leja ikiwa ya kweli, huonyesha pande zote mbili. Pengine ndiyo maana wakubwa wengi hawazipendi orodha za namna hii.

Thamani isiyohesabiwa

Nilisomea biashara chuo kikuu, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni kuuliza: hii imegharimu pesa ngapi, na imelipwa na nani? Hebu tufanye hesabu pamoja. Ni mfano, lakini weka mtu unayemjua ndani yake.

Chukua mama anayeuza mboga kando ya barabara. Mara tatu kwa wiki, akishafunga biashara, anaenda kuwaona wazee wawili wanaoishi peke yao upande wa pili wa mtaa. Anapanda boda, shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Hizo ni 300 kwa wiki. Krediti ya simu ya kuwapigia watoto wao walio mbali, tuseme shilingi 20 kwa siku, siku sita, ni 120. Kila wiki anaacha unga, sabuni au sukari ya shilingi 200. Jumla ni 620 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52, unapata shilingi 32,240 kwa mwaka. Bado hatujahesabu muda wake. Saa nne kila anapoenda, mara tatu, ni saa 12 kwa wiki, saa 624 kwa mwaka. Ukimlipa kama kibarua wa shilingi 500 kwa siku ya saa nane, muda huo ni shilingi 39,000.

Jumlisha. Ni 71,240.

Sasa wacha nikuulize. Mheshimiwa akija Jumapili na bahasha ya shilingi 50,000, anaketi wapi? Nani anaenda kumlaki kwenye gari? Nani anapewa maikrofoni, na kwa dakika ngapi? Na yule mama wa 71,240 siku hiyo ameketi wapi? Pengine amesimama nje, kwa sababu viti vimetolewa kwa wageni waliokuja na mheshimiwa.

Sisemi bahasha ni mbaya. Paa hili tulilo nalo halikushuka kutoka mbinguni, na neno harambee lipo kwenye nembo ya taifa letu kwa sababu nzuri: watu wetu wamejenga shule na zahanati kwa kuchanga. Lakini Yakobo sura ya 2 inazungumza juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu anayeingia mkutanoni na kupewa kiti kizuri, huku maskini akiambiwa asimame kule. Yakobo anaita jambo hilo upendeleo, na upendeleo kwake ni dhambi. Kanisa linaloheshimu bahasha peke yake linawafundisha vijana wake kwamba njia ya kuheshimika ni kupata pesa kwanza, haijalishi zimetoka wapi. Hilo ni jambo zito kuliko kukosa adabu. Kijana wa miaka kumi na tisa anatuangalia. Anaona ni nani anasimamishwa mbele, na anapanga maisha yake.

Je, mkono wa kushoto usijue?

Kuna mshirika ambaye tayari amefungua Mathayo 6. Anasema, mchungaji, Yesu alikataza kupiga baragumu. Sadaka iwe ya siri, na mkono wa kushoto usijue unalofanya mkono wa kuume. Kwa nini basi tuwataje watu?

Swali ni zuri, na jibu liko kwenye kuangalia Yesu alikuwa akisema na nani. Alikuwa akisema na anayetoa. Yeye ndiye hatakiwi kupiga baragumu. Aliyepokea hakupewa amri ya kunyamaza. Katika Luka 17 wenye ukoma kumi waliponywa, akarudi mmoja, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Kama kunyamaza kungekuwa utakatifu, swali hilo lisingekuwepo.

Yesu mwenyewe alitambua watu kwa njia mbili. Yule mwanamke aliyemmiminia marhamu huko Bethania (Marko 14) alitetewa palepale, mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika juu ya gharama, na Yesu akasema tendo lake litatajwa popote Injili itakapohubiriwa. Lakini yule mjane wa senti mbili (Luka 21) hakuitwa mbele. Yesu aliwaonyesha wanafunzi tu. Huenda mjane alikwenda nyumbani bila kujua kwamba ametajwa. Kwa hiyo si kila mtu lazima asimamishwe madhabahuni na kupigiwa makofi. Wengine ukiwafanyia hivyo utawaumiza. Wengine wanasaidia watu ambao siri zao hazifai kujulikana, kwa mfano msichana aliyefukuzwa nyumbani, au mgonjwa ambaye hajamwambia hata mumewe. Muulize mtu kwanza. Akikataa kutajwa, mshukuru faraghani, na umsaidie palepale faraghani.

Kutambua kuwe na mkono

Rudi kwa Fibi, Warumi 16:1-2. Anatoka kanisa la Kenkrea, amesaidia watu wengi, pamoja na Paulo mwenyewe. Paulo anamtambulisha kwa Warumi, halafu anaongeza kitu ambacho tunakisahau: wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji kwao. Sifa za Fibi zilikuja na ombi la msaada. Alipofika Roma, mji mkubwa asiojulikana, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Hapo ndipo kutambua kwetu kunapokosa nguvu. Tunampa mama cheti chenye fremu na leso, tunapiga makofi, tunapiga picha. Kesho yake anapanda boda kwa pesa zake kama kawaida. Baada ya miaka mitatu anachoka, anaacha, na sisi tunasema amepoa kiroho. Hajapoa. Ameishiwa. Katika biashara duka linaloonekana limejaa wateja linaweza kufungwa ghafla kwa sababu pesa za kuendesha shughuli za kila siku zimekwisha. Mtu anayejitolea naye yuko hivyo. Unaona kazi inaendelea, huoni kwamba anakopa ili iendelee.

Tuna mfano wa karibu. Wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza kama mtoto amechanjwa na kama mama mjamzito amekwenda kliniki, kwa miaka mingi wengi wao walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiwa na nyumba 100 hivi za kuangalia. Walipewa mkoba wenye mizani, kipimo cha joto, mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Wakapangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Unaweza kusema pesa hizo ni kidogo, nami nitakubaliana nawe. Lakini angalia namna jambo lenyewe lilivyofanyika: jina likaandikwa, kazi ikatajwa, kifaa kikatolewa, na kitu kikawekwa mfukoni. Hivyo vinne vikiwa pamoja, mtu anajua ametambuliwa.

Kwa upande wa kanisa si lazima iwe pesa nyingi. Yule mama wa wazee wawili, pengine anachohitaji ni mtu wa kumshikia kibanda chake cha mboga siku ya Jumatano. Mwalimu wa Jumamosi anayefundisha watoto hesabu bila malipo chini ya mti, anahitaji ufunguo wa ukumbi wetu, ambao Jumamosi asubuhi uko tupu. Kijana wa boda anayewabeba wanawake wenye uchungu usiku bila kudai kwanza, anahitaji tairi. Mwingine anahitaji barua tu: barua ya kanisa inayosema tunamjua na tunajua anachofanya, ili mwanawe akiomba basari pawe na mtu wa kumshuhudia. Paulo alimwandikia Fibi barua. Sisi tuna karatasi na muhuri.

Tahadhari nyingine ni hii, na wenye kuajiri watu waisikilize pia. Kuna sifa zinazotolewa ili mtu asidai haki yake. Mlinzi wa usiku anaitwa shujaa mbele ya watu na mshahara wake umechelewa miezi miwili. Mpishi wa kongamano anapigiwa makofi ya dakika nzima na hajalipwa. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio kinamfikia Bwana. Mlipe kwanza, halafu umsifu.

Asiye wa kwetu

Makanisa mengi yakianza kutambua watu yanaishia ndani. Kwaya, wahudumu wa mlangoni, wazee wa baraza, walimu wa shule ya Jumapili. Ni vizuri, wanastahili. Lakini mtaa wetu haushikiliwi na washirika wetu peke yao, na kusema vinginevyo ni kutoa ushahidi wa uongo.

Desemba 21, 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na wanamgambo wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Waliamuru Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake Waislamu waliwapa wanawake Wakristo hijabu wajifunike ili wasitambulike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa huko. Alilazwa, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Baadaye Rais alimtunuku nishani ya taifa, yeye akiwa tayari kaburini. Alikuwa mwalimu wa shule tu, amepanda basi kwenda zake.

Sasa, mpendwa, ukiulizwa utamtaja mtu huyo katika ibada ya kanisa letu, utasemaje? Najua wako watakaosita. Basi soma Luka 7. Wazee wa Wayahudi walimwendea Yesu kumwombea akida wa Kirumi, na hoja yao ilikuwa ni kazi aliyofanya: analipenda taifa letu, naye ametujengea sinagogi. Yesu hakuwauliza huyo ni wa dhehebu gani. Alikwenda pamoja nao. Na alipoulizwa jirani ni nani, aliweka Msamaria katikati ya hadithi, na yule mwanasheria akabaki hawezi hata kulitamka jina Msamaria. Alijibu tu kwamba ni yule aliyemhurumia. Sisi tuseme jina. Kama muuza duka Mwislamu pale kona amekuwa akiwakopesha wajane wetu unga mwezi mzima bila riba, tuseme hivyo, kwa jina lake na kwa duka lake.

Tusingojee Dubai

Kila Oktoba 20 taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Wenye umri wa wazazi wangu waliijua kama Sikukuu ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha jina, na mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya kuweka utaratibu wa kuwatambua mashujaa wa nchi. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeona kazi hiyo ni ya serikali, na ya jukwaa kubwa.

Machi 2019 Mkenya alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani kule Dubai, dola milioni moja. Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, alikuwa akifundisha sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko kule Njoro, shule yenye kompyuta moja. Alijulikana kwa kutoa karibu asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia watu wenye uhitaji. Tulishangilia sote. Lakini yale yaliyomfikisha Dubai hayakufanyika Dubai. Yalifanyika darasani na kwenye mashamba ya wazazi wa wanafunzi wake, mahali ambapo jirani yeyote angeweza kuyaona akipita. Kwa kuona kazi kama hiyo hakuna haja ya majaji wa kimataifa. Jirani akifungua macho anatosha.

Na katika ibada yetu wapo watu ambao hakuna tuzo ya Dubai itakayowafikia. Mtu anayezibua mtaro kila mvua inapokaribia ili nyumba za chini zisijae maji. Fundi anayeshonea watoto wa darasa la kwanza sare kwa vitambaa vilivyobaki. Mstaafu anayewasomea majirani barua za hospitali na za mahakama kwa sababu hawajui kusoma. Hao ndio Trifaina na Trifosa wa mtaa huu.

Kazi ya wiki hii kwa vikundi vya nyumbani

Siku ya Jumatano, kila kikundi kisome Warumi 16:1-16 kwa sauti, majina yote, hata kama mtayakosea. Halafu mzungumze hadi mpate jina moja. Moja tu, mtu anayeishi katika eneo la kikundi chenu, awe mshirika au asiwe. Asiwe mchungaji, wala mke wa mchungaji, tafadhali, na asiwe mtu anayegombea kiti chochote.

Andikeni mambo matatu. La kwanza ni anachofanya, kwa maneno ya wazi. "Ana moyo mzuri" haitoshi. Andikeni siku, mahali na kazi, kama Paulo alivyofanya. La pili ni kinachomgharimu kwa mwezi, mkijaribu hesabu kama ile ya juu, hata kwa kukadiria. La tatu ni kitu kimoja kitakachompunguzia mzigo, ambacho kikundi chenu kinaweza kukitekeleza wenyewe bila kungoja ofisi. Hilo la tatu ndilo tutakalouliza mwezi ujao. Hayo mawili ya kwanza yasipofuatwa na la tatu, ni afadhali msilete karatasi.

Msipige picha za wagonjwa, wazee au watoto wanaosaidiwa. Wala msiwataje.

Kikundi kikikaa na kikose jina, msifunge kwa maombi mkaenda nyumbani. Ulizaneni maswali madogo. Mzee anayeishi peke yake karibu na kisima, jana nani alimpelekea uji? Maji yalipopotea wiki mbili, ni nani alifungua bomba lake bila kuuza? Yule mtoto aliyepotea sokoni alirudishwa na nani, na kuna aliyerudi kumshukuru?

Mkishapata jina, watu wawili waende kwa mtu huyo kabla ya kuleta karatasi. Mwambieni mlichokiona. Muulizeni kama anakubali kutajwa mbele ya kanisa, kwenye jarida hili tu, au asitajwe popote. Kisha muulizeni anachohitaji, na msimkatize akianza kusema hahitaji kitu. Subirini. Karatasi zifike kwa karani wa kanisa Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.